Bega linalotoka mara kwa mara: ya kujua kabla ya kuuza ng'ombe

Barabara itokayo Walikale-centre, mashariki mwa Kongo, kwenda Mubi na Njingala haiwahurumii waendesha pikipiki. Mvua ikishanyesha, udongo unakuwa utelezi mtupu. Pikipiki yenye dereva, abiria wawili na bidoni za mawese ikiyumba, kila aliyeko juu yake huanguka akitanguliza mkono. Kiganja hutua kwanza, mwili hufuata na uzito wake wote, na kishindo huishia begani. Waendesha pikipiki, vijana wa mpira wa Jumapili, wachimbaji wanaoteleza mashimoni: hao ndio wanaofika kituo cha afya wakiwa wameubeba mkono mmoja kwa mwingine, bega limepoteza mviringo wake na kuwa na kona.

Bega ni riziki. Mgodi wa Bisie ulipokuwa ukichimbwa kwa mikono, miaka kabla ya kampuni ya Alphamin kuanza kutoa bati kwa mitambo mwaka 2019, wapagazi walivuka msitu kwa miguu hadi Njingala na mifuko ya kasiterite ya kilo 50. Hadi leo, Walikale na Masisi ni nchi ya watu wanaoishi kwa kubeba, kulima na kuendesha pikipiki. Mtu wa namna hiyo bega lake likianza kuchomoka kila anapoinua mzigo, amekwisha kuondolewa kazini. Ndiyo maana familia huwa tayari kuuza ng'ombe mara tu zinaposikia kwamba upo upasuaji wa matundu madogo unaokaza bega. Upasuaji huo upo kweli, na unasaidia. Ila si kila bega lililotoka linauhitaji, wala si kila bega linalotokatoka linaponywa nao, na sehemu kubwa ya matokeo huamuliwa mapema zaidi: katika saa chache za kwanza, kwenye kituo cha afya cha kijijini kisicho na kamera wala chumba cha upasuaji.

Kiungo cha bega kimeumbwa kugeuka kila upande, na uhuru huo una gharama. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa na cha mviringo. Kisahani kinachokipokea, kilicho kwenye kombe la bega, ni kidogo na karibu hakina kina, mfano wa chungwa lililowekwa juu ya kifuniko cha chupa. Kinachozuia kichwa kisitoke ni ukingo wa gegedu unaokizunguka kisahani, kano zilizoshikamana na ukingo huo, na misuli inayokumbatia kiungo chote. Zaidi ya mabega 9 kati ya 10 yanayotoka hutokea kwa mbele. Kichwa kikitoka kwa nguvu, huubandua ukingo wa gegedu upande wa mbele na chini. Jeraha hilo linaitwa kwa jina la Arthur Sydney Blundell Bankart, daktari Mwingereza aliyelieleza mwaka 1923. Wakati huohuo, nyuma ya kichwa cha mfupa, pale kinapojigonga kwenye kingo ngumu ya kisahani, hubaki mbonyeo. Wataalamu wa radio (picha za mifupa) Hill na Sachs wa Marekani waliueleza mwaka 1940. Ukingo uliobanduka na kichwa kilichobonyea: hayo mawili ndiyo yanayosema, kwa kiasi kikubwa, kama bega litatoka tena.

Sasa ile siku ya kwanza. Mwuguzi anayejua kazi yake havuti mkono mara mgonjwa anapoketi. Hugusa kwanza ngozi ya upande wa nje wa bega, pale askari anaposhonewa nembo kwenye mkono wa shati, akiuliza kama mgonjwa anahisi sawasawa na upande wa pili. Hutafuta mapigo ya damu kwenye kifundo cha mkono. Humwomba achezeshe vidole. Ganzi pale begani inaonyesha kwamba mshipa wa fahamu unaozunguka shingo ya mfupa umevutwa. Mara nyingi hupona wenyewe baada ya wiki au miezi, lakini ni lazima ganzi hiyo iandikwe kwenye karatasi kabla ya kuvuta. Kama radio ipo karibu, ipigwe kabla, hasa kwa mtu mwenye umri mkubwa au aliyeanguka kutoka juu, kwa sababu shingo ya mfupa ikiwa na ufa, kuvuta kunaweza kuivunja kabisa.

Ipo njia ya kurudisha bega isiyotaka nguvu wala wanaume wanne wa kushikilia. Iliandikwa na Lewis Stimson wa New York mwaka 1900, na bado inafaa mahali pasipo na dawa ya usingizi. Mgonjwa hupewa dawa ya maumivu, hulazwa kifudifudi juu ya meza imara, mkono ulioumia ukining'inia pembeni. Kwenye kifundo cha mkono hufungwa, kwa bendeji pana, uzito wa kilo 5 hivi. Bidoni ya lita 5 iliyojaa maji inatosha. Kisha watu wanangoja. Misuli iliyokakamaa kwa maumivu huchoka na kulegea polepole, na mara nyingi ndani ya dakika 15 au 20 kichwa huteleza na kurudi mahali pake. Mgonjwa mwenyewe huhisi mtikisiko mdogo, halafu nafuu ya ghafla. Kazi hii ni ya mhudumu aliyefundishwa, anayekaa hapo muda wote na kupima tena hisia na mapigo ya damu baada ya bega kurudi. Wala haingoji kesho: kila saa inayopita misuli inazidi kukaza.

Waunga mifupa wa jadi wapo karibu kila kijiji, na wengi wana mikono mizuri. Hakuna sababu ya kuwadharau. Shida ni kwamba mkono, hata ukiwa na uzoefu wa miaka 40, hauoni ufa uliomo ndani ya mfupa. Nazo chale na dawa ya unga zinazotiwa baadaye hufika kwenye ngozi, ilhali ukingo uliobanduka uko ndani kabisa, chini ya misuli. Wagiriki wa kale walihangaika na jambo hilohilo: maandishi ya Hipokrati yanaeleza jinsi ya kuchoma kwapa kwa chuma cha moto ili kovu likaze bega lisitoke tena. Mgonjwa aliyekwenda kwanza kwa mwunga mifupa asione haya kufika hospitali baadaye na kusema ukweli wote. Daktari anahitaji kujua bega lilivutwa lini na mara ngapi.

Baada ya bega kurudi, mkono hufungwa kifuani kwa kitenge au kitambaa cha kuning'iniza, wiki 2 hadi 3 kwa kijana, wiki moja hivi kwa aliyevuka miaka 40, ambaye hatari yake kubwa ni bega kukakamaa. Kwa huyo wa miaka 40 na zaidi kuna jambo lingine la kuangalia: kama baada ya wiki 2 bado hawezi kuinua mkono mwenyewe, huenda kano za misuli zinazoinua bega zimechanika. Tatizo hilo halingoji bega litoke tena. Linahitaji daktari wa mifupa mapema.

Je, litatoka tena? Hapa umri ndio unaosema zaidi. Kijana wa chini ya miaka 20 anayerudi kwenye mpira au kazi za nguvu ana uwezekano unaozidi nusu. Kwa aliyevuka 40 uwezekano hushuka sana. Lakini hata kwa vijana hakuna hukumu iliyokwisha kuandikwa. Nchini Sweden, daktari Lennart Hovelius na wenzake waliwafuatilia watu waliotoka bega kwa miaka 25. Kati ya waliokuwa na umri wa miaka 12 hadi 25 siku walipoumia, karibu nusu bega lao halikurudia kutoka, au lilitulia lenyewe kadiri miaka ilivyokwenda, bila kupasuliwa. Utafiti huohuo ulionyesha pia kwamba kufunga mkono kwa wiki 3 au 4 hakukuleta tofauti ikilinganishwa na kuuachia mapema. Kwa hiyo kijana ambaye bega limetoka mara moja tu, asiye mchezaji wa kulipwa, ana sababu nzuri ya kujaribu kwanza mazoezi ya nguvu kwa miezi kadhaa. Ng'ombe wabaki malishoni kwanza.

Mashabiki wa mpira wanayo mifano miwili vichwani tayari. Tarehe 26 Mei 2018, mjini Kyiv, Mohamed Salah alitoka uwanjani akilia baada ya kuangukia bega katika fainali ya Ulaya. Kano zilikuwa zimeumia. Hakupasuliwa, na tarehe 19 Juni alikuwa uwanjani Urusi akiichezea Misri na kufunga penalti. Jude Bellingham wa Real Madrid alikuwa na jeraha zito zaidi: bega lake la kushoto lilitoka Novemba 2023 katika mechi na Rayo Vallecano. Alirudi kucheza mwezi huohuo, akiwa amevaa kizuizi cha bega chini ya jezi, akafunga mabao, akabeba makombe. Lakini bega liliendelea kumsumbua, na Julai 2025 alipasuliwa, akarejea uwanjani Septemba. Mtu mwenye madaktari bora duniani alivumilia karibu miezi 20 kabla ya kisu. Mgonjwa wa Mubi asione kwamba kungoja na kufanya mazoezi ni dawa ya maskini.

Kisu kinahitajika pale bega linapotoka mara ya pili na ya tatu kwa sababu ndogo, pale mtu anapoogopa kuinua mkono kurusha jiwe au kushika mti wa juu, au linapotoka usingizini. Kila kutoka kunaongeza uharibifu: kingo ya kisahani inalika, mbonyeo wa nyuma unachimbika zaidi. Aliyefika mara ya tatu asingoje ya kumi.

Upasuaji wa matundu madogo wenyewe una historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Kenji Takagi wa Tokyo alichungulia ndani ya goti kwa kifaa cha kutazamia mwaka 1918, na mwanafunzi wake Masaki Watanabe akatengeneza, mwishoni mwa miaka ya 1950, chombo kilichoifanya kazi hiyo iwezekane kila siku. Begani hufanyika hivi: mgonjwa amelala kwa dawa ya usingizi, daktari hutoboa matundu mawili au matatu, kila moja halifiki sentimita moja. Katika tundu la nyuma huingia kamera yenye unene wa milimita 4 hivi, na maji ya chumvi hutiririka ndani kupanua nafasi na kuosha damu. Kwenye kioo cha televisheni unaonekana ukingo wa gegedu ukielea, umebanduka. Daktari hukwangua kingo ya mfupa mpaka ivuje damu kidogo, kwa kuwa pasipo damu hakuna kushikana. Kisha hupigilia vishikizo vidogo vyenye nyuzi, mara nyingi vitatu au vinne, na kwa nyuzi hizo huushona ukingo pamoja na kano zake kurudi mahali pake. Kovu ni dogo, maumivu ni machache, na msuli wa mbele haukatwi.

Faida hizo ni za kweli. Lakini nyuzi hushona kilichochanika. Haziwezi kurudisha mfupa uliolika. Kisahani kikiwa kimepoteza robo hivi ya upana wake kwa mbele, au kichwa kikiwa na mbonyeo mkubwa, ushonaji wa matundu madogo unashindwa mara nyingi mno. Madaktari Balg na Boileau walitunga mwaka 2007 hesabu ya alama 10 ya kuwachuja wagonjwa: umri wa miaka 20 au chini yake, mchezo wa mashindano, mchezo wa kugongana au wa kunyanyua mkono, viungo vilivyolegea kwa asili, na dalili mbili za mfupa zinazoonekana kwenye radio ya kawaida. Aliyevuka alama 6 walishauri afanyiwe upasuaji wa aina nyingine. Jambo la kufurahisha kwa hospitali zisizo na vifaa ni hilo la mwisho: hesabu hiyo inataka radio ya kawaida na maswali, basi.

Upasuaji wa aina nyingine unaozungumzwa hapo ni ule wa Michel Latarjet wa Lyon, alioueleza mwaka 1954. Daktari hukata kipande cha mfupa kinachochomoza mbele ya bega, pamoja na msuli ulioshikamana nacho, na kukifunga kwa skrubu mbili kwenye kingo ya mbele ya kisahani. Mfupa hukipanua kisahani, na msuli unakuwa mkanda unaokizuia kichwa kila mkono unapoinuliwa. Hufanyika kwa kufungua, kwa mkato wa sentimita chache. Hautaki kamera, pampu ya maji wala vishikizo vya bei ghali, na bega hutoka tena kwa nadra zaidi kuliko baada ya kushona. Una hatari zake: mishipa ya fahamu ipo karibu sana, skrubu inaweza kulegea, na unahitaji mikono iliyouzoea.

Kwa mpagazi, mchimbaji au dereva wa pikipiki wa Walikale ambaye bega limekwisha kutoka mara nyingi, huo ndio upasuaji wa kuulizia kwanza. Jina la matundu madogo linavutia, na aliyelisikia huona kufunguliwa kuwa kurudi nyuma. Sivyo. Bega linalobeba mizigo, lenye mfupa uliolika, mara nyingi hutulizwa vizuri zaidi kwa kufunguliwa na daktari anayeifanya kazi hiyo kila mara kuliko kwa kamera iliyotoka mbali.

Swali la wapi haliwezi kutenganishwa na vita. Hospitali kuu ya Walikale ni mahali pa kuulizia radio, dawa ya usingizi fupi ya kurudishia bega lililogoma, na barua ya rufaa, asiwepo anayeiruka. Goma ina historia ya upasuaji wa mifupa: hospitali ya HEAL Africa ilianzishwa na daktari wa mifupa Kasereka Jo Lusi na mkewe Lyn, na katika hospitali ya CBCA Ndosho Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu imeshiriki kuwapasua majeruhi wa vita kwa miaka. Lakini barabara ya Goma kupitia Masisi imekatwa na mapigano mara nyingi. Goma ilitwaliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025 na uwanja wake wa ndege ukafungwa, na mwezi Machi mwaka huo Walikale-centre yenyewe ikaingiwa na waasi hao, kabla hawajaondoka mwezi Aprili. Majeruhi wa risasi wakijaa wodini, bega linalotokatoka huahirishwa, na ni haki liahirishwe. Mgonjwa apige simu, au mwuguzi wake ampigie, apate siku kabla ya kuanza safari.

Upasuaji wa bega kwa kamera hufanyika katika hospitali kubwa za kanda, kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ya Dar es Salaam, na hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi. Familia inayofikiria kwenda huko imwulize daktari mambo kadhaa bila woga. Je, mfupa wa kisahani umepimwa kwa skana, na umelika kiasi gani? Katika hali hii anapendekeza kushona au Latarjet, na kwa nini? Ameshafanya ngapi mwaka huu? Bei iliyotajwa inajumlisha vishikizo, dawa ya usingizi na siku za kulala, au vinahesabiwa kando? Vishikizo ndivyo vinavyovuruga hesabu za watu, maana huagizwa kutoka nje na hulipiwa kimoja kimoja. Daktari mzuri hakasiriki akiulizwa.

Kuna gharama nyingine inayosahauliwa kabisa: wiki za baada ya upasuaji. Mkono hukaa kwenye kitambaa wiki 3 hadi 6. Kumrudisha mgonjwa Walikale siku ya 5 akiwa amepakiwa nyuma ya pikipiki, akishikilia kwa mkono mmoja kwenye matope, ni kuziweka nyuzi mpya kwenye mtihani ambao hazikutengenezewa. Fedha za kulala mjini kwa ndugu, au michango ya likelemba ya kumlisha huko, zihesabiwe pamoja na bei ya upasuaji. Kama fedha hazitoshi kwa vyote viwili, ni afadhali upasuaji usubiri.

Mazoezi huanza siku ya kwanza na vidole, kifundo na kiwiko. Baada ya hapo, kwa ruhusa ya daktari au kine (mtaalamu wa mazoezi ya viungo), mgonjwa huinama mbele akiegemea meza kwa mkono mzima na kuuacha mkono uliopasuliwa uning'inie na kubembea polepole. Hivyo ndivyo pia anavyoosha kwapa bila kuinua bega. Baada ya wiki 6 huanza kutafuta nguvu: kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki, kimefungwa kwenye nguzo ya mlango, kinavutwa kuelekea tumboni na kisha kuelekea nje, kiwiko kikiwa kimebana ubavuni. Mkono kuinuliwa na kugeuzwa nyuma, kama wa anayerusha jiwe, ni mwiko kwa miezi ya mwanzo, na kulala na kiganja chini ya kichwa ni vivyo hivyo. Pikipiki kwenye barabara za huku ingoje angalau miezi 3. Mfuko wa kilo 50 ungoje 6, na kine ndiye atakayetoa ruhusa.

Wapo watu wawili ambao ushauri huu wote hauwahusu moja kwa moja. Wa kwanza ni yule ambaye bega lilitoka wiki kadhaa au miezi iliyopita na halikurudishwa kamwe, labda kwa kuwa kijiji kilikuwa kikikimbia vita. Bega hilo lisivutwe tena na mtu yeyote kijijini: mishipa ya damu imekwisha kushikamana na kovu, na inaweza kupasuka. Wa pili ni mwenye kifafa. Mshtuko wa kifafa unaweza kulitoa bega kwa nyuma, na radio ya mbele peke yake huonekana karibu salama. Dalili ni mkono uliogandia kifuani usiokubali kugeuzwa nje. Mwuguzi akikutana na mkono wa namna hiyo aombe radio ya pembeni. Na kabla ya upasuaji wowote mgonjwa apate dawa za kifafa na azitumie mpaka mishtuko itulie, kwa sababu mshtuko mmoja unaweza kung'oa vishikizo vyote.

Kilichobaki ni karatasi. Watu wa Masisi na Walikale wamelala katika kambi nyingi, na faili la hospitali ni katika vitu vya kwanza kupotea. Ripoti ya upasuaji, inayotaja aina yake na skrubu au vishikizo vilivyobaki ndani, ipigwe picha kwa simu pamoja na radio, na picha hizo zitumwe siku hiyohiyo kwa ndugu aliye mji mwingine.